Taa za Mikindani: walioziona wahojiwe mmoja mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie taa zilizoonekana angani juu ya ghuba ya Mikindani, hapa Mtwara, katika siku za giza za mwezi uliopita, na zaidi namna ambavyo sisi wenyewe tumeanza kuuharibu ushahidi wake kabla mtu yeyote hajaupima. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na sasa nimestaafu. Sina elimu ya nyota wala ya ndege. Ninachokijua ni jinsi maneno ya shahidi yanavyohifadhiwa yakiwa mazima, na jinsi yanavyopotea.

Walioziona taa hizo siku ya kwanza, ambayo ilikuwa Jumanne, walikuwa wavuvi wa dagaa waliokuwa wakirudi na karabai zao, sisi tuliokuwa njiani kwenda kuswali alfajiri, na kina mama waliokuwa wakisubiri samaki dikoni ili wawahi soko. Kila mmoja alikuwa mahali pake na alitazama upande wake. Hadi jua linachomoza zilikuwapo habari mbili zilizo tofauti kabisa. Ya kwanza ilihusu taa nyeupe nyingi zilizofuatana kwa mstari, zikapita kimya na kupotelea upande wa bahari. Ya pili, iliyosimuliwa na baadhi ya wavuvi tu, ilihusu taa moja nyekundu iliyosimama chini, karibu na upeo wa bahari, kwa muda unaotosha kuvuta wavu na kuupanga. Mambo yakaendelea hivyo kwa alfajiri mbili zaidi, huku kila anayekwenda dikoni akirudi na maneno mengi kuliko aliyokwenda nayo.

Alhamisi alifika mgeni aliyejitambulisha kuwa mtafiti wa mambo ya anga. Aliwakusanya mashahidi aliowapata chini ya mwembe ulio karibu na diko, akainua simu yake kurekodi, na swali lake la kwanza, ambalo nililisikia kwa masikio yangu, lilikuwa hili: “Chombo hicho kilikuwa na madirisha mangapi?” Mpaka dakika ile sikuwa nimemsikia mtu yeyote akitaja chombo, sembuse madirisha. Kijana mmoja akajibu kwamba yalikuwa sita. Mwenzake akasema yalizidi kumi. Mama mmoja, ambaye Jumanne alituambia kwamba aliona taa zimefuatana kama punje za tasbihi, sasa aliitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, yalikuwa madirisha. Jioni ile simu za mji mzima zilikuwa na simulizi moja ya chombo kirefu kilichoelea juu ya ghuba kikiwa na madirisha yanayowaka na taa nyekundu mkiani. Habari mbili zilikwisha kufungwa katika furushi moja, na sijui kama kuna awezaye kulifungua tena.

Kwa upande wa pili, watu ambao hawakutoka nje alfajiri hata moja walitoa hukumu yao kwamba wavuvi wale walikuwa wamelewa usingizi, au wamelewa kweli. Hukumu hii inaniumiza kama ile ya chombo. Wavuvi wetu huiona Zuhura ikipanda kila msimu wake, huzijua nyota za Kilimia, na kwa miaka mingi wameurudia mlango wa ghuba usiku kwa kutazama juu. Mtu wa namna hiyo akisema ameona kitu ambacho hakukizoea, kwanza apewe kiti.

Ijumaa baada ya swala, nahodha mmoja ambaye namfahamu tangu akiwa mtoto alinifuata barazani, akaniamkia, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: “Mzee karani, mimi niliona taa moja tu, nyekundu, na haikutembea. Hayo madirisha nimeyakuta dikoni.” Nilimuuliza kwa nini hakuyasema hayo mbele ya yule mgeni. Akanijibu: “Wakubwa walikuwa wameshasema, Mzee. Ningewakatalia vipi mbele za watu?”

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, Ndugu Mhariri. Mahakamani jambo hili lina dawa ya zamani. Shahidi ambaye hajatoa ushahidi wake hukaa nje, asisikie mwenzake amesema nini, na anayemwongoza shahidi wake kwa swali lenye jibu ndani yake hukatazwa. Kielelezo kinachopokelewa hupewa alama, na lazima ijulikane kilikuwa mikononi mwa nani tangu siku kilipopatikana. Maneno ya “nimeambiwa” hayapimwi kwa mizani moja na maneno ya “nimeona”. Taratibu hizi hazikuwekwa kwa sababu mashahidi ni waongo. Katika kazi yangu niliwaona waongo wachache kuliko nilivyowaona watu wakweli waliokaa benchi moja asubuhi nzima wakizungumza, wakaingia ndani wote wakiwa na maneno yaleyale.

Kuhusu madirisha hasa, lipo tukio ambalo ukweli wake ulijulikana kabla ushahidi haujasomwa. Usiku wa tarehe 3 Machi 1968 mabaki ya roketi ya Kisovieti iliyorusha chombo cha anga za juu cha Zond 4 yaliungua yakiingia katika angahewa juu ya mashariki mwa Marekani. Vilikuwa vipande vinavyowaka, kila kimoja peke yake, juu sana, na hapakuwa na kitu chochote kilichoviunganisha. Hata hivyo baadhi ya walioshuhudia waliripoti chombo kimoja kirefu, mfano wa sigara, chenye safu ya madirisha yenye mwanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, waliofanya kazi chini ya mwanafizikia Edward Condon, walizichambua taarifa hizo wakijua tayari ni nini kilichopita. Mashahidi wale hawakuwa watu wa kudanganya. Macho yakiona gizani taa kadhaa zinazokwenda kwa mwendo mmoja, akili huzichorea mwili wa kuzibeba. Ikiwa mtu aliyesimama uani kwake anaweza kuyachora madirisha asiyoulizwa, itakuwaje kwa watu hamsini chini ya mwembe ambao wameulizwa idadi yake?

Mfano ambao ningependa wasomaji wako waukalie zaidi ni wa Gulf Breeze, mji mdogo wa jimbo la Florida uliozungukwa na maji karibu pande zote, ambao mtu huufikia kwa daraja akitoka mji mkubwa zaidi wa Pensacola. Karibu yake zipo kambi za anga za jeshi la Marekani, jambo ambalo lina uzito kwa mtu yeyote anayeuliza ni nini kilichokuwa kikipita usiku. Tarehe 11 Novemba 1987 mjenzi wa nyumba aitwaye Ed Walters alisema amepiga picha za chombo kilichoelea karibu na nyumba yake. Tarehe 19 ya mwezi huo gazeti la mji, Gulf Breeze Sentinel, lilizichapisha bila kumtaja jina. Katika miezi iliyofuata alileta picha nyingine nyingi, na watu wengi wa mji ule na wa jirani wakaanza nao kueleza kwamba wameona taa au vyombo angani. Mji mzima ukawa na jambo moja la kuzungumza.

Uchunguzi wake ulikuwa na kila dalili ya kufanywa vizuri. Walters alipimwa kwa mashine ya kugundua uongo na akafaulu. Chama cha raia kinachochunguza mambo haya, MUFON, kilimpa kamera yenye lenzi nne iliyofungwa kwa lakiri, ili picha zake zisiguswe na umbali wa kitu uweze kukadiriwa. Mwanafizikia wa macho na mwanga aliyekuwa mwajiriwa wa jeshi la majini, Bruce Maccabee, alizichunguza picha akaziona kuwa za kweli. Lakini wengine, wakiwamo wachunguzi waliokuwa na hamu kubwa ya kuamini, walisema tangu mapema kwamba picha za awali zilipigwa kwa kamera ya Polaroid, ambayo hutoa karatasi papo hapo bila kuacha filamu ya kukaguliwa, na kwamba kamera ya aina ile huweza kupigwa mara mbili juu ya karatasi moja, ya kwanza gizani kwa kitu kidogo kilichoangazwa, ya pili kwa mandhari ya nyumba na miti.

Mwaka 1990 kitabu cha Walters kilitoka, na ndani yake Maccabee aliandika sura yake. Hapa nitasema bila kuzunguka: mchunguzi anayeandika sura katika kitabu cha shahidi aliyemchunguza, hata akiwa mwaminifu kupita watu wote, amejiondolea sifa ya kuaminiwa na upande wa pili. Mahakama yoyote ingemwomba ajitoe. Juni ya mwaka huohuo gazeti la Pensacola likatangaza kwamba katika dari ya nyumba ambayo Walters alikuwa ameihama, mkazi mpya alikuwa ameukuta mfano mdogo wa chombo, uliotengenezwa kwa sahani za plastiki ya povu na karatasi ya michoro ya ujenzi, ukifanana sana na kile kilichoonekana pichani. Walters alisema umepandikizwa na watu wanaotaka kumchafua. Kukazuka ubishi juu ya mchoro wa nyumba uliokuwa kwenye karatasi ile: yeye alidai aliuchora baada ya picha zake kupigwa, wapinzani wakadai ni wa kabla. Kijana mmoja wa mji ule akajitokeza kusema kwamba alikuwa anajua jinsi picha zilivyotengenezwa. MUFON ikawatuma wachunguzi wawili, mume na mkewe, waangalie upya. Walipofikia uamuzi kwamba baadhi ya picha huenda zilikuwa za kughushi, wakaachana na chama kilichowatuma.

Nimeifikiria habari hii kwa jicho la karani, na naona kwamba hata kielelezo kile cha darini hakikuweza kufanya kazi ya kielelezo, kwa kuwa nyumba ilikuwa imebadilisha mkazi na hapakuwa na wa kuthibitisha kwa hakika ni mikono ya nani iliyokiweka pale na lini. Mimi binafsi, nikiulizwa, nitasema picha zile zinanuka ughushi. Lakini kilichonisikitisha zaidi ni wale watu wengine wa mji, ambao hawakupiga picha yoyote wala hawakuandika kitabu, ambao walisimama kandokando ya barabara au ufukweni na kuona kitu wasichokielewa. Ushahidi wao ulibebeshwa juu ya mabega ya mtu mmoja. Aliposadikiwa, walisadikiwa wote bila kupimwa. Aliposhukiwa, walitupwa wote bila kupimwa. Pengine mmoja aliona ndege ya jeshi, mwingine sayari, na mwingine jambo ambalo lingestahili kuandikwa vizuri. Sasa haiwezekani tena kuwatenganisha.

Karibu zaidi na kwetu, Ijumaa tarehe 16 Septemba 1994, wanafunzi wapatao 62 wa Shule ya Ariel huko Ruwa, mji mdogo nje ya Harare nchini Zimbabwe, walisema kwamba wakati wa mapumziko ya asubuhi, walimu wakiwa kwenye kikao, waliona chombo kikitua vichakani nyuma ya uwanja wao na viumbe vidogo vyenye macho makubwa kando yake. Siku mbili kabla, roketi ya Kirusi ilikuwa imeungua angani na kuonekana sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika, na redio zilijaa habari za vitu vya ajabu. Watoto walitangazwa kwenye habari za dunia nzima. Mtafiti Cynthia Hind alifika baada ya siku chache, na wanaomkosoa wanasema aliwahoji watoto kwa makundi, wakisikilizana. Baadaye alikuja profesa wa magonjwa ya akili wa Harvard, John Mack, na ni katika mahojiano yake hasa ndipo baadhi ya watoto walipoeleza kwamba viumbe wale waliwapa onyo kuhusu uharibifu wa mazingira. Wengi wa wanafunzi wale, ambao sasa ni watu wazima, wanashikilia kauli yao mpaka leo, na mimi sina sababu ya kuwaita waongo. Nasema tu kwamba dirisha la kujua kila mtoto aliona nini kwa macho yake lilikuwa wazi kwa saa chache za Ijumaa ile, likafungwa.

Hivi sasa sisi wa Mikindani tumelifunga letu karibu lote, lakini bado pana upenyo. Wapo wavuvi ambao hawakwenda mwembeni. Yupo yule nahodha. Ninaomba ofisi ya kata ifungue daftari, na mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri na subira amwite kila shahidi peke yake, amwache aseme hadi amalize, kisha ndipo amuulize alikuwa wapi, alitazama upande gani, taa ilikuwa juu kiasi gani ikilinganishwa na minazi au milingoti, ilichukua muda gani, na tangu siku ile amezungumza na nani. Swali hili la mwisho lisisahaulike. Video zilizopigwa zichukuliwe kutoka kwenye simu iliyozipiga, pamoja na saa yake, na zile zilizotumwa mara ishirini ziachwe zilipo. Baada ya hapo ndipo waulizwe watu wa hali ya hewa, wa uwanja wa ndege wa Mtwara, wa bandari, na wanaofanya kazi kwenye visima vya gesi vya Mnazi Bay. Hakuna jambo geni katika ninayoyaomba. Ufaransa ina ofisi ya namna hii tangu mwaka 1977 ndani ya shirika lake la anga za juu, CNES, na huko taarifa za mashahidi huweza kuandikwa na askari wa gendarmerie, jeshi la polisi la nchi hiyo, kama taarifa nyingine yoyote, kisha matokeo yakawekwa hadharani, yakiwamo yale ambayo hayakupata maelezo.

Nawe Ndugu Mhariri, gazeti lako limeiandika habari hii kwa uangalifu kuliko simu zetu, na ninakushukuru, ila kichwa chake kilitumia neno “chombo”. Naomba neno hilo lisubiri. Pwani hii imewahi kuonja matunda ya simulizi inayokimbia kuliko maswali: mwaka 1995 hofu ya popobawa iliwafanya watu wa Pemba na Unguja walale nje kwa makundi, na uvumi wa mumiani umewahi kuwatia hatarini wageni wasio na kosa lolote. Neno “haijatambulika” lina heshima yake. Jeshi la anga la Marekani, katika mradi wake wa Blue Book uliofungwa mwaka 1969, lilikusanya taarifa 12,618 za vitu vilivyoonekana angani na likaziacha 701 kati ya hizo bila kuzitambua. Kuziacha hivyo hakukuwa kukiri kwamba ni wageni kutoka sayari nyingine, wala hakukuwa kuwaita mashahidi wake walevi.

Kuhusu mstari wa taa nyeupe ninayo dhana, nami naisema ikiwa dhana. Tangu Mei 2019 kampuni ya SpaceX imekuwa ikirusha setilaiti za Starlink kwa mafungu makubwa, la kwanza likiwa na setilaiti 60, na siku za mwanzo kabla hazijatawanyika hupita zikiwa zimefuatana. Alfajiri, sisi tukiwa bado gizani, zenyewe kule juu hupigwa na jua ambalo kwetu halijachomoza, na hutoka ghafla katika kivuli cha dunia. Lakini taa nyekundu ya wavuvi haielekei kuwa setilaiti, kwa sababu haikutembea. Inaweza kuwa meli, mwali wa gesi, sayari ya Mirihi ikichomoza, au kitu kingine. Sitachagua, kwa sababu mimi sikuiona.

Niliyoyaona mimi niliyaandika kwenye daftari asubuhi ileile, kabla sijafika dikoni, na ninayatoa hapa kama yalivyo. Alfajiri ya Jumanne, saa kumi na moja kasoro dakika kumi kwa saa yangu ya mkononi, nikiwa nimesimama kwenye kona ya barabara iendayo msikitini, niliona taa nyeupe zikijitokeza mojamoja juu ya kichwa changu kidogo upande wa magharibi, kana kwamba zinatoka mlangoni. Zilielekea kaskazini-mashariki. Nilihesabu kumi na tisa, kisha hesabu ikanipotea. Kati ya taa na taa niliweza kuona nyota. Zilichukua kama dakika nne hadi ya mwisho kupotelea upande wa bahari. Sikusikia mlio. Sikuona taa nyekundu. Sikuona dirisha.

Karani mstaafu,
Mikindani, Mtwara.